Nimerudi kwenye cherehani lakini mkono hautaki. Wenzangu mlifanyaje?

Fundi wa Rangi Tatu
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni fundi nguo huku Mbagala, mwaka wa 12 sasa. Sare za harusi, magauni ya sendofu, mashati ya kitenge. Zamani nilikuwa nakata kitambaa mwenye nguo amesimama ananitazama, tunapiga soga, na mkasi unakwenda. Mwaka jana nikajifungua mtoto wa tatu, banda nikalifunga. Nimerudi Januari, na tangu hapo sijijui.

Kuna mama aliniletea kitenge cha sendofu ya mwanawe. Nikampima kifua 42, nikaandika kwenye daftari 42, nikakata 38. Siku ya kujaribu zipu iligoma katikati ya mgongo. Alinisema mpaka muuza chipsi wa jirani akaja kuchungulia. Kitambaa nimelipa. Lakini sasa nikishika mkasi viganja vinatoka jasho. Nguo ya mtu inakaa mezani siku nne, napiga chaki, nafuta, napiga tena. Simu ya mteja ikiita naigeuza kifudifudi.

Kikoba siendi, hisa namtuma mtu. Ikifika saa nane mchana nalala juu ya meza kama mlevi. Baba watoto anasema nimekuwa mvivu, na mimi nimeanza kumwamini. Nianzie wapi jamani?

Mama Maandazi, Tanga
Pole shoga. Mimi napika kwenye shughuli. Mwaka mmoja wali uliniungulia kwenye hitima, sufuria mbili nzima, watu wamekaa mkekani wanasubiri. Miezi sikutaka kuona jiko la kuni. Nilirudi kwa maandazi, unga kilo moja kila asubuhi. Andazi likiharibika hakuna anayekukumbuka.

Kwa hiyo vitenge vya watu viweke pembeni kidogo. Fupisha suruali za mitumba, badilisha zipu, shona kaptula za shule. Na ukikata, mtu mwingine akusomee namba kwenye daftari wewe ukiwa umeshika tepu. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza.

Kijana wa Bodaboda
Dada ni kujiamini tu. Kila asubuhi simama mbele ya kioo jiambie unaweza.

Bibi Muuguzi (mstaafu)
Mjukuu wangu wa bodaboda, kioo hakipimi damu.

Fundi, usingizi huo wa saa nane na hiyo 42 kugeuka 38 havijanikalia vizuri. Nijibu: hedhi yako siku ngapi? Umeweka uzazi wa mpango gani? Ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio?

Fundi wa Rangi Tatu
Shikamoo bibi. Siku saba, nane. Zamani zilikuwa nne. Nina kitanzi, kile cha shaba. Ngazi sina, ila nikibeba ndoo ya maji kutoka bombani natua mara mbili.

Bibi Muuguzi (mstaafu)
Marahaba. Basi kesho nenda kituo cha afya wakupime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita tayari ni upungufu. Kitanzi cha shaba kwa baadhi ya wanawake huongeza hedhi, waambie, zipo njia nyingine. Usikitoe kwa maneno yangu.

Wakikupa vidonge vya madini chuma, choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Usivinywe na chai, na chai usiinywe pamoja na chakula, inazuia hayo madini yasiingie mwilini. Tumia chungwa. Dagaa, maini na matembele unavijua. Na usiache vidonge ukishapata nafuu, huendelezwa miezi mitatu hivi kujaza akiba ya mwili.

La mwisho, na hili niandikie pembeni ukitaka: unalia bila sababu? Mtoto unamfurahia? Sonona baada ya kujifungua ipo, na si uvivu wala si mapepo. Nayo ina matibabu, uwaambie hukohuko kituoni.

Fundi wa Rangi Tatu
Bibi, nimepima. 8.4. Yule dada wa maabara aliniuliza nimekuja na nani, nikamwambia na miguu yangu. Karatasi nimeibandika ukutani juu ya kitanda, baba watoto ameisoma kimya, na jioni akaja na robo ya maini. Kulia nalia, ndiyo. Nimepewa tarehe ya kurudi kuzungumza, na ya kitanzi siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu sasa. Mkasi bado nauogopa, siwadanganyi. Nimeshona kaptula za shule 11, binti yangu ananisomea namba kwa sauti kama mnada, wapita njia wote wanajua kiuno cha mtoto wa jirani. Jumapili nimekwenda kikoba, nikakaa karibu na mlango.

Ila chai ya saa nne mmenionea. Muuza chapati ameniuliza kama tumegombana.