Naomba ushauri: kilishio cha kulungu cha kujitengenezea, mahindi yanaota ukungu

Mnyalukolo_TX

Heshima kwenu wakuu. Nipo Texas mashariki, ukanda wa misonobari. Mwaka juzi nilijaliwa kununua ekari 12, kama mita 220 kwa 220, nusu msitu nusu nyasi. Lengo langu msimu wa Novemba nipate kulungu mmoja au wawili wa kitoweo. Nawaita kulungu kwa kukosa jina lingine. Hawa wa huku wenye mkia mweupe ni mnyama tofauti na kulungu wa nyumbani: pembe zao hudondoka kila mwaka na kuota upya.

Kwenye eneo dogo hivi mnyama hakai, anapita tu kwenda kwa jirani. Nikaona nimwekee mahindi asimame kidogo. Hapa Texas inaruhusiwa kwenye ardhi yako binafsi, leseni ninayo, na mafunzo ya uwindaji nimemaliza.

Nilichukua bomba la plastiki la inchi 4, urefu futi 5, chini nikaunga kiungio chenye umbo la Y, nikaziba kitako kwa kizibo na gundi. Nikalifunga kwenye mwaloni kwa mikanda, mdomo ukiwa usawa wa kiuno changu. Linabeba kama kilo 9. Wiki ya kwanza kamera ilionyesha majike watatu na ndama. Ikanyesha siku mbili mfululizo. Nilipoingiza mkono mdomoni nikakuta punje zimeshikana donge moja, za juu njano safi, za chini kijani kama majani ya chai mabichi, zina joto na harufu ya pombe. Usiku wake nguruwe mwitu walikuja wakafukua udongo wote kuzunguka mti.

Mahindi nimeyatoa, yako kwenye ndoo. Nimefikiria kuyaanika jua kali na kuyarudisha, maana mfuko mzima wa paundi 50 umebaki nusu. Je, nibadilishe bomba au nihamie kwenye pipa?

FundiBomba

Mkuu, bomba halina kosa, kosa ni kile kizibo ulichogandisha kwa gundi. Mvua ya upepo inaingia kwenye mdomo wa Y, inateremka hadi kitakoni, haina pa kutokea. Kata kitako, weka kizibo kipya bila gundi, kishike kwa skrubu mbili ili ukifungue kila wiki na kukisafisha. Kitoboe matundu sita ya milimita 4, punje haipiti lakini maji yanatoka. Juu ya mdomo funga kipande cha bomba la inchi 6 kilichopasuliwa katikati kwa urefu, kiwe kama ukingo wa paa. Ndani, kwenye maungio, ingiza kibao cha plastiki cha mteremko ili punje ziteleze kuja mdomoni, zisilale kitakoni.

Na usijaze. Weka ya siku mbili tatu.

DadaWaMakueni

Kaka, tafadhali hayo mahindi ya kwenye ndoo usiyarudishe. Nakuandikia hili kwa uchungu. Mwaka 2004 kwetu Kenya, Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa na unyevu. Jua linakausha punje na ukungu unaacha kukua, lakini sumu inabaki humo humo. Kupika hakuiondoi pia.

Wanyamapori nao inawadhuru, na ndege ndio wepesi zaidi kudhurika: bata mzinga, kwale, njiwa, wote wataokota chini ya bomba lako. Yafukie shimoni, usimpe hata kuku.

Kwa mfuko uliobaki, fanya kile tunachofanya nyumbani kabla ya kuweka ghalani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayafai kukaa. Ikianguka yote chini, ni makavu. Na unaponunua, tafuta mfuko ulioandikwa kiwango cha sumukuvu kisichozidi sehemu 20 kwa bilioni.

Msituni

Niko Texas miaka 11, nawinda kila msimu. Niongeze la nguruwe. Hao hutawashinda kwa bomba wala pipa, watakuja kwa harufu. Zungushia paneli za chuma za kufugia nguruwe, zile za futi 16 kwa urefu na inchi 34 kwenda juu, uzikaze kwa nguzo za chuma. Nguruwe hawezi kuruka kimo hicho, kulungu anaruka kama anavuka kijito. Ila duara liwe pana, paneli sita angalau. Likiwa dogo kulungu anaona mtego, haingii.

Pili, weka kilishio katikati ya eneo. Risasi au mshale kuvuka mpaka bila ruhusa ya maandishi ya jirani ni kosa, na mnyama uliyemjeruhi akikimbilia kwake huruhusiwi kumfuata bila idhini yake. Kwa mita 220 mpaka uko karibu kuliko unavyodhani. Uliza pia wilayani kwako kama dume lazima upana wa pembe ufike inchi 13. Wilaya nyingi za mashariki zina sharti hilo.

Tatu, ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa kulungu uligunduliwa Texas mwaka 2012. Unaenea kwa mate, mkojo na kinyesi, na chanzo chake hudumu kwenye udongo kwa miaka. Kundi zima linalolamba mdomo mmoja wa bomba linanitia wasiwasi. Mimi nimeacha bomba. Natumia pipa lenye taima, linarusha punje chache alfajiri na jioni, zinatawanyika.

BwanaShamba_KY

Mimi naona hizo nyasi zako ndizo kilishio. Lima nusu ekari, panda kunde mwezi wa tano. Ndiyo, kunde zetu hizi hizi, zilitoka Afrika, na wawindaji wa kusini mwa Marekani wanazipanda kwa ajili ya kulungu kwa sababu majani yana protini nyingi. Mahindi protini yake ni asilimia 8 au 9 tu, ni wanga. Mnyama anayecheua akiyala mengi kwa ghafla tumbo linachachuka, anaweza kufa. Septemba sia shayiri na ngano juu ya kunde. Zungushia wavu wiki za mwanzo, la sivyo watazimaliza zikiwa na majani mawili.

Mnyalukolo_TX

Nawashukuru sana, na Dada wa Makueni Mungu akubariki. Jioni hii nimechimba shimo la futi 3, ndoo nzima imeingia. Nimejaribu chupa pia: chumvi imeganda nusu ya kioo, na mfuko ulikuwa gereji kwenye sakafu ya zege. Nao umeingia shimoni. Bomba nimelishusha. Msimu huu nitakaa bila mahindi, mwaloni wangu umeanza kudondosha mbegu na majike wale watatu leo asubuhi walikuwa chini yake.

Bwana Shamba, nusu ekari ya kunde inataka kilo ngapi za mbegu?

BwanaShamba_KY

Ukisia kwa kutawanya, kilo 15 hadi 18. Udongo wa misonobari huwa na tindikali, upime kwanza kabla ya kununua.