Wajukuu wa Bibi, Chumbageni

NOVEMBA

Mwanaidi: Assalaam alaykum ukoo. Nina jambo, na msinipigie simu wote kwa mpigo. Nimejiandikisha Ironman ya Afrika Kusini, Aprili. Nimeshalipa.

Salim: Waalaykum salaam. Umejiandikisha nini?

Mwanaidi: Michezo mitatu siku moja. Unaogelea baharini kilomita 3.8. Ukitoka unapanda baiskeli, 180. Ukishuka unakimbia marathoni, 42.2.

Salim: 180 ni Tanga mpaka wapi?

Mwanaidi: Nenda Segera, rudi, halafu uende tena Muheza.

Salim: Halafu ndo uanze kukimbia??

Mwanaidi: Halafu ndo.

Mamdogo Zuhura: Mwana, umegombana na Athumani?

Athumani: Mamdogo nipo hapa hapa. Nimekuta keshalipa.

Salim: Kiasi gani

Athumani: Shemeji usiulize. Ni mbuzi kadhaa, na hao ni wa ada tu. Bado nauli.

Rehema: Bibi kasikiliza yote, anasema niandike kama alivyosema, nisipunguze. "Mke mwenzangu, mimi nimekwenda soko la Ngamiani na baiskeli miaka arobaini, kikapu mbele, mtoto nyuma. Hakuna aliyenivisha medali. Na wala sikulipa."

Mwanaidi: 😂😂 Shikamoo Bibi. Ndo maana nasema ni damu.

Rehema: Marahaba. Anauliza nani aliyebuni balaa hili.

Rehema: Nimesoma. Ni Hawaii, 1978. Watu walikuwa wanabishana nani mwenye pumzi kuzidi mwenzake, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Afisa mmoja wa jeshi la maji, John Collins, akasema tuunganishe mashindano matatu yaliyopo hapa kisiwani, tumalize ubishi. Wakaanza wanaume 15, wakamaliza 12. Wa kwanza Gordon Haller, saa 11 na dakika 46.

Rehema: Bibi: "Waliobishana wanaume, anayekwenda kuteseka mjukuu wangu."

Mwanaidi: Mwambie mwaka uliofuata tu mwanamke aliingia. Lyn Lemaire, peke yake kati ya wanaume. Akamaliza wa tano.

Rehema: Kanyamaza. Sasa anauliza huyo Lini alikuwa na watoto.

JANUARI

Mwanaidi: Mjomba Hamisi, shikamoo. Nahitaji mwalimu wa bahari. Pale Raskazone nakwenda vizuri nikiwa karibu na ngazi, nikitoka mbele kidogo nainua kichwa najikuta naelekea Pemba.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Njoo Jumapili maji yakiwa yanajaa. Yakikupwa usiingie peke yako.

Mwanaidi: Sawa mjomba

Mjomba Hamisi: Na usije siku za bamvua.

Salim: Mjomba kaandika meseji mbili siku moja, leo mvua 😂

Mwanaidi: Nimerudi. Niwaambieni alichonifundisha huyu mzee, maana kwenye video zote nilizotazama sikukiona. Ukiwa majini usitazame kitu kimoja. Chagua alama mbili za nchi kavu, moja mbele moja nyuma yake, mnazi na mnara kwa mfano. Zikikaa mstari mmoja uko njiani. Mnara ukitokeza pembeni ya mnazi, mkondo umeshakuchukua na wewe hujui. Kila mikono kumi unainua macho kama mamba, unaangalia, unaendelea.

Mjomba Hamisi: Mnara ukitokeza kulia umesukumwa kulia.

Salim: Tatu!!

Athumani: Mwambie na habari ya suti.

Mwanaidi: Aah. Jamani maji ya kule Aprili ni kama nyuzi 18 mpaka 20. Sisi hapa tunaoga kwenye chai. Kwa hiyo kuna suti ya mpira inayobana mwili mzima, inakupa joto na inakuelesha. Rafiki yangu wa Nairobi kaniuzia yake ya zamani. Nikasema niijaribu Raskazone. Kuivaa tu dakika 20, Athumani anavuta mimi naruka. Nimeogelea mita 400 nikaona nyota. Nimetoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Mamdogo Zuhura: Lakini inasitiri?

Mwanaidi: Kuanzia shingoni mpaka vifundoni mamdogo. Baibui halioni ndani 😂

Mamdogo Zuhura: Basi hiyo nimeipenda.

RAMADHANI, usiku

Mamdogo Zuhura: Mwana, jirani yako wa chini kanipigia. Anasema kila baada ya tarawehe kuna mashine ya kusaga inanguruma juu ya dari yake.

Mwanaidi: Ni mimi. Nimefunga baiskeli kwenye stendi sebuleni, gurudumu la nyuma linazunguka hewani. Mchana nimefunga, na zamu za wodini ziko pale pale, nitaendesha saa ngapi? Nakanyaga kwa saa mbili, naoga, nalala kidogo, naamka daku.

Mamdogo Zuhura: Nimempelekea visheti. Amesema endelea.

Salim: Na kula unakulaje siku yenyewe? Mtu hawezi kwenda saa 16 na kikombe cha chai.

Mwanaidi: Hilo ndilo swali, kaka, wengi hufia hapo. Wanasema ni mchezo wa nne. Tumbo unalifundisha kama unavyofundisha mguu. Juu ya baiskeli natakiwa niingize gramu 60 za wanga kila saa, wenye matumbo magumu hufika 90. Zile jeli za pakiti zinanichefua, nimerudi kwenye tende na ndizi, na kashata nimezikatakata vipande vya kutosha mdomo mmoja. Siku moja nilijaribu kachori njiani Muheza. Sitaki kuizungumzia.

Athumani: Niliiosha mimi baiskeli.

Mwanaidi: Na maji matupu usinywe kama ng'ombe. Yakizidi yanazimua chumvi ya damu, mtu anaanguka tumbo limejaa maji. Nimeshaona wodini. Kwa hiyo nalamba chumvi.

Mamdogo Zuhura: Nakutengenezea achari ya embe. Athumani atasimama barabarani akupe ukipita.

Mwanaidi: Marufuku mamdogo! Kupokea kitu kwa mtu wa nje ni kosa. Unachukua kwenye meza zao, au ulichobeba mwenyewe. Hata kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukinge upepo ni adhabu, lazima pawe na mita 12 kati yenu.

Rehema: Lakini 1978 kila mtu alikuwa na wasaidizi wake. Yule wa pili, John Dunbar, wasaidizi wake waliishiwa maji wakampa bia.

Salim: Ndo maana akawa wa pili

Rehema: Bibi: "Astaghfirullah."

APRILI, Ijumaa

Athumani: Tumefika salama. Sanduku la baiskeli halijafika.

Salim: Nini??

Athumani: Shirika lenyewe silitaji, ila nilijua pale kaunta, yule kijana alilitazama sanduku kama ameona jeneza. Wanasema "ndege ijayo".

Mwanaidi: Msiniulize chochote. Nalala.

Jumamosi

Athumani: Limefika saa nne asubuhi. Kile chuma cha nyuma kinachoshika gia kimepinda kidogo. Nimempigia fundi wetu wa Ngamiani kwa video, kanielekeza nikinyooshe kwa mkono taratibu, robo kwa robo, huku nazungusha pedeli. Mzungu wa chumba cha jirani alikuja kutazama, akaniletea na yake.

Salim: Ungemchaji

Mwanaidi: Nimekabidhi baiskeli na mifuko. Mmoja wa vitu vya baiskeli, mmoja wa vitu vya kukimbilia, inatundikwa kwenye misumari yenye namba, sasa siwezi kuvigusa mpaka kesho. Nimeikagua mara tatu na bado naona nimesahau soksi.

Rehema: Dada huo mji unaitwaje, Bibi anataka kuutaja kwenye dua.

Mwanaidi: Ulikuwa Port Elizabeth. Tangu 2021 ni Gqeberha. Hiyo q unaidonoa kwa ulimi, kama kizibo cha chupa.

Rehema: Bibi kajaribu, meno yametoka. Anasema Mungu anajua ni wapi.

Salim: Na hapo unapoogelea panaitwaje?

Athumani: Hobie Beach. Kuna gati linaingia baharini.

Salim: Gati linaitwaje

Athumani: Shemeji.

Salim: Nimeshaliona kwenye ramani. SHARK ROCK. Mwamba wa Papa!!

Mwanaidi: Salim, ukimwambia Bibi sitakusamehe.

Rehema: Yuko hapa pembeni yangu 😭

Jumapili

Rehema: Wanaanza saa 12 na nusu kwao, kwetu saa 1 na nusu. Ana kifaa kimefungwa kifundoni, akikanyaga mikeka yao saa inasomeka. Mpaka mwisho kabisa ni saa 17, yaani saa 6 na nusu usiku wetu. Kuogelea asizidi saa 2 na dakika 20. Na baiskeli awe ameirudisha kabla ya saa 12 jioni. Akichelewa hata mlango mmoja, wanamtoa.

Athumani: Ameingia. Bahari imechafuka kiasi. Mimi natetemeka nimevaa koti, yeye kacheka.

Rehema: Bibi yuko kwenye mswala tangu alfajiri.

Salim: Saa 2 na nusu. Bado?

Rehema: Bado. Hamna mkeka majini, kaka.

Salim: Saa 3.

Mamdogo Zuhura: Ya Latifu.

Rehema: KATOKAAA. Saa moja na dakika 44!

Athumani: Nimemwona! Midomo ya zambarau. Anakimbia huku anavua suti, imegoma kifundoni, kaanguka, kainuka. Kapanda baiskeli saa 3:26.

Rehema: Bibi: "Papa wamemwona mwembamba."

Saa 9 alasiri

Salim: Kidoti chake kwenye ramani ya simu hakitembei.

Rehema: Kidoti ni makisio tu. Simu inakisia kwa mwendo aliokuwa nao, mpaka mkeka mwingine.

Salim: Rehema najua. Lakini alitakiwa kuwa kwenye mkeka wa mbele dakika 20 zilizopita.

Mamdogo Zuhura: Athumani uko wapi?

Athumani: Nipo pale wanapogeukia. Waliokuwa naye wote wamepita. Upepo hapa unapeperusha uzio. Mji wenyewe wanauita Mji wa Upepo, sikujua ni kweli kiasi hiki.

Salim: Dakika 35.

Mamdogo Zuhura: Salim acha kuhesabu utuue.

Rehema: Bibi ameomba simu aishike mwenyewe. Anakitazama kile kidoti. Anakisukuma na kidole.

Salim: Akiingia baada ya saa 12 wanamvua kifaa?

Athumani: Ndiyo.

Rehema: KIMERUKA. Kimeruka mbele!!

Athumani: Kapita! Amenipigia kelele neno moja tu, "PANCHA". Mikono yote grisi mpaka usoni.

Mamdogo Zuhura: Alhamdulillah. Na achari hakuonja.

Athumani: Nimeila mimi. Kwa woga.

Rehema: Saa 11 na dakika 41, baiskeli imerudi. Dakika 19 kabla ya mlango kufungwa 😭😭😭

Salim: Nimekaa chini. Nilikuwa nimesimama tangu adhuhuri, mke wangu ndo kaniambia.

Usiku

Athumani: Anakimbia kandokando ya bahari, wanazunguka njia hiyo hiyo, kwa hiyo namwona kila mara. Raundi ya kwanza alinipungia. Ya pili alisema "niongeleshe". Sasa hivi alinitazama kama hanijui.

Salim: Anatembea?

Athumani: Anakimbia mpaka meza ya maji, anatembea akinywa, anakimbia tena. Wapo wanaotembea moja kwa moja. Kuna mzee mbele yake ana miaka kama ya Mjomba, anaburuta mguu na wala hasimami.

Rehema: Bibi alisema analala baada ya Isha. Amejifunika khanga, jicho moja liko kwenye simu.

Salim: Kilomita 31. Ana saa mbili na ushei. Hata akitembea anafika?

Rehema: Kilomita 11 akitembea haraka anafika. Akikaa chini hafiki.

Athumani: Hakai. Nimemuuliza, kasema akikaa atalala.

Rehema: 38.

Rehema: 40.

Mamdogo Zuhura: Watoto wangu wameamka wote, tumezunguka simu kama redio ya zamani.

Athumani: Namsikia mtangazaji anataja Tanzania. Jina kalikosea. SI KITU.

Athumani: 📹

Athumani: Saa 5 na dakika 42. Saa 16 na dakika 12. Kamaliza.

Salim: 😭😭😭😭 dada yangu huyo

Mamdogo Zuhura: 🙌🙌 vigelegele mtaa mzima, jirani kabisha hodi kuuliza nani kaolewa

Rehema: Bibi analia. Anasema si kulia, ni moshi. Hakuna moshi.

Jumatatu

Mwanaidi: Nashukuru nyote. Nimeamka. Ngazi nashuka kinyumenyume. Kucha mbili za miguu zimeaga. Samahani kwa ile pancha, nilibadilisha tyubu, ile mpya nayo nikaibana kwa haraka ikatoboka. Nikawa na moja tu iliyobaki, na vidole vimekufa ganzi. Nilikaa nikala kashata kwanza, ndipo nikaiweka polepole.

Salim: Yaani sisi tunakufa huku, wewe unakula kashata!

Rehema: Bibi: "Ndivyo nilivyomlea. Akirudi nimkande kwa mafuta ya nazi, na hiyo medali ailete niione, kama ya bati au ya kweli."

Mjomba Hamisi: Alama ulichukua zipi?

Mwanaidi: Ncha ya gati na jengo refu nyuma yake. Kurudi ndiko zilikokataa kukaa mstari.

Mjomba Hamisi: Jengo lilitokeza upande gani?

Mwanaidi: Kulia.

Mjomba Hamisi: Ukakata kushoto?

Mwanaidi: Nikakata kushoto. Waliokuwa mbele yangu walichukuliwa kulia mpaka mtumbwi wa walinzi ukawafuata.

Mjomba Hamisi: Haya. Pumzika.