Ganzi ya mikono na miguu barabarani: tuanze na glavu, gripu, viatu au kiti?

Wa_Walukuba (Jinja)

Habari zenu wapenzi wa baiskeli. Jumapili nilitoka Jinja kwenda Iganga na kurudi, kama kilomita 80 kwa jumla. Wakati wa kurudi, nilipofika Magamaga, kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Nyumbani nilishindwa kuzungusha ufunguo mlangoni, mtoto ndiye aliyenifungulia. Mguu wa kushoto nao, kuanzia katikati ya wayo hadi vidoleni, ulikuwa kama si wangu. Ganzi ya mguu iliisha nilipovua kiatu. Ya mkono ilikaa hadi Jumatatu mchana, na hiyo ndiyo inayonitia hofu.

Baiskeli ni ya mtumba, ya milimani, tairi 26 kwa 1.95, usukani ulionyooka, gripu (vishikio vya usukani) za mpira uliokakamaa. Mwezi ujao nataka kwenda Busia kwa dada yangu. Pesa yangu inatosha kitu kimoja tu: glavu za jeli, gripu pana zenye ubawa wa kuegemeza kiganja, au viatu vya soli ngumu. Ninunue kipi?

Mzee_wa_Mpakani (Busia)

Pole mwanangu. Mimi nimebeba abiria kwa Roadmaster miaka kumi na moja hapa mpakani, enzi zile boda-boda ilikuwa baiskeli. Glavu sikuzijua. Gripu niliziviringishia tyubu kuukuu, tabaka mbili, zikawa nene na laini, na mkono haukunisumbua. Lakini nisikudanganye kuwa ni tyubu peke yake. Roadmaster inakukalisha wima, uzito unabaki kitini. Hizo za milimani zinakulaza mbele, mikono inageuka nguzo. Kabla hujatoa hata shilingi, tazama kiti chako kimeelekea wapi.

Nesi_Tororo

Kaka, vidole ulivyovitaja vinaeleza mengi. Kidole cha mwisho na cha pete vina mshipa wao wa fahamu, unaopita kwenye upenyo mwembamba chini ya kiganja, upande huohuo wa kidole cha mwisho. Ndipo hasa usukani unapokandamiza. Ingekuwa dole gumba, cha shahada na cha kati, ningesema ni mshipa mwingine, ule wa katikati ya kifundo, na kosa kubwa lingekuwa kukunja kifundo.

Jipime hivi: bana karatasi kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mtu aivute. Ikiwa huwezi kuishika bila kukunja ncha ya dole gumba, misuli imeanza kudhoofika. Hapo usipande baiskeli, nenda kituo cha afya.

Na mwenye ganzi ya miguu yote miwili hata akiwa amelala asitafute dawa kwenye baiskeli. Akapime sukari. Anayetumia dawa za kifua kikuu amwambie daktari mapema, kwa sababu isoniazidi hupunguza vitamini B6, na ganzi ya miguu ni mojawapo ya dalili.

Fundi_Katwe

Kwangu glavu ni za mwisho. Nimeona watu wakinunua zenye jeli nene, ile jeli ikakaa juu ya mshipa wenyewe na kuubana zaidi. Gripu ya ubawa ni bora, maana inasambaza uzito kwenye kiganja kizima, ila ifungwe ubawa ukiwa sambamba na mkono. Ukielekea chini haisaidii kitu.

Lakini namuunga mkono Mzee. Simamisha baiskeli mahali tambarare, laza ubao mnyoofu juu ya kiti kutoka nyuma hadi puani, yaani ncha yake ya mbele, kisha laza juu yake chupa ya plastiki yenye maji nusu. Maji yakikimbilia upande wa usukani, unateleza mbele mchana kutwa na mikono ndiyo inayokuzuia. Legeza nati chini ya kiti, inua pua kidogo kidogo. Usizidishe, ganzi itahamia mapajani na sehemu za siri. Na upepo je? Umejaza kiasi gani?

Wa_Walukuba (Jinja)

Karatasi nimeishika vizuri, asante dada Nesi. Ubao nimeuweka leo jioni: maji yote yalikimbilia mbele! Pua ilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili. Upepo ni PSI 60 kwenye geji, kijana wa pampu alisema tairi ngumu hukimbia.

Fundi_Katwe

Kwa tairi ya 1.95 weka 40, soma kwanza kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kwenye lami hutaona tofauti kubwa. Kwenye changarawe kila mtikisiko uliokuwa unapanda hadi kiganjani utabaki kwenye tairi. Viwiko navyo visinyooke kama mti.

Binti_Kapchorwa

Huku kwetu kuna ganzi nyingine, ya baridi. Asubuhi nikiteremka, mikono ipo kwenye breki, upepo unapiga, vidole vinaganda mpaka sijui kama nimeshika. Hapo Fundi, glavu ndiyo ya kwanza! Nami husimama njiani nikipasha mikono kwapani, maana breki usiyoihisi ni hatari.

Kuhusu mguu, kaka, unakaza kamba za viatu kiasi gani? Mguu huvimba safarini, hasa juani. Mimi hulegeza kamba nikishafika kilomita ya kumi na tano.

Wa_Walukuba (Jinja)

Jumamosi nimerudia safari ileile, kiti kikiwa sawa, upepo 40, sijanunua kitu. Nilikuwa nabadilisha mshiko kila baada ya dakika chache. Mkono: mchonyoto kidogo tu baada ya Magamaga, ukaisha nilipokung'uta. Mlango nimefungua mwenyewe.

Mguu bado. Nililegeza kamba, ganzi ikachelewa lakini ikaja. Nilipovua kiatu nikaona soli imebonyea, umbo la pedali limejichora katikati, na kiatu kinabana kwenye vidole. Basi pesa yangu inaenda kwenye viatu: vipana, soli isiyokunjika. Nitavitafuta soko la Owino, Kampala, vya mtumba, nitavijaribu jioni mguu ukiwa umeshavimba.

Fundi_Katwe

Sawa kabisa. Na usikanyage kwa ncha ya mguu, sogeza wayo mbele kidogo, pedali ikae nyuma ya ule mfupa wa dole gumba. Penye mlima weka gia nyepesi, zungusha haraka badala ya kukandamiza.

Mzee_wa_Mpakani (Busia)

Ukifika Busia pitia stendi, uliza mzee wa Roadmaster. Nitakuwekea tyubu kuukuu za hizo gripu, bure.