Naomba ushauri: vibarua wa zege wanapanda ghorofani bila kinga yoyote

Wakuu, habari zenu. Mimi ni fomeni kwenye jengo la ghorofa nne hapa Dar. Vijana wa zege wanapanda kwa mirunda iliyogongwa misumari tu, kandambili miguuni, ndoo begani. Ukingo wa slabu hauna kizuizi na tundu la ngazi liko wazi.

Nimemwomba mkandarasi helmeti, gambuti na mikanda. Anasema vibarua hubadilika kila siku, kuwanunulia vifaa ni hasara. Mimi sikubali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga, na haya ni maisha ya watu.

Nafikiria kwenda OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi), ila vijana wenyewe wananisihi ninyamaze: kazi ikisimamishwa, siku hiyo nyumbani hakuna unga. Je, mkaguzi anaweza kuagiza marekebisho bila kufunga saiti nzima? Na jina la mtoa taarifa linalindwa?

Pia kibarua wa kutwa asiye na mkataba wa maandishi, akianguka, WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) inamfidia? Aliyewahi kufuatilia anieleze alitumia ushahidi gani. Daftari langu la mahudhurio linatosha?

Kwa sasa nataka nianze na kuziba tundu na kuweka reli za mbao ukingoni, maana helmeti haimwokoi anayedondoka kutoka ghorofa ya tatu. Mafundi wazoefu, reli hizo mnazifungaje zihimili uzito wa mtu?