Mkataba wa umeme ni siri ya nani?

Mtoa mada:
Wadau, kila tukijadili kuachana na makaa ya mawe na kuhamia jua na upepo, ubishi unaishia kwenye mitambo. Mimi leo naleta karatasi. Nasema mkataba wowote wa kununua umeme ambao mlipaji wake wa mwisho ni mwananchi uwekwe hadharani kabla ya kusainiwa: bei, muda na faini zake zote.

Chukueni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya. Mitambo 365, megawati 310, na upepo wa pale si wa kubahatisha. Mitambo ilikuwa tayari 2017. Laini ya kupeleka umeme hadi kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha. Mkandarasi wake Mhispania alifilisika njiani. Umeme ukaingia kwenye gridi ya taifa Septemba 2018. Na mkataba ulisema laini ikichelewa, mwenye mitambo alipwe kana kwamba umeme umenunuliwa. Yaani taa haijawaka, deni linahesabika! Oktoba 2021 mahakama ya Meru nayo ikatamka kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu.

Mchangiaji:
Mkuu, nakuunga mkono nusu. Benki haikopeshi upepo, inakopesha mkataba. Bila kifungu hicho mradi haupati hata senti. Laini ilikuwa kazi ya serikali, mwekezaji kamaliza yake, kosa lake nini? Halafu ukianika bei katikati ya mazungumzo, mzabuni anayefuata anaanzia hapo hapo, hashuki tena.

Na uwazi peke yake haulishi mtu. Kituo cha makaa cha Komati, Afrika Kusini, kilijulikana kitazimwa, kikazimwa Oktoba 2022. Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 497. Siku tanuru la mwisho linapoa, ajira mbadala zilikuwa bado kwenye makaratasi.

Mtoa mada:
Hoja ya mzabuni nimeikubali, narekebisha: mkataba uanikwe zabuni ikishafungwa, kabla serikali haijatoa dhamana. Ya benki siipokei. Kifungu kibaki, ila kijulikane mapema, ili mbunge aulize laini imefika nguzo ya ngapi wakati bado kuna muda wa kubadili mkandarasi. Deni likishaiva, kuuliza ni kupiga soga tu.

Komati umenisaidia bila kujua. Kutangaza tarehe ya kuzima mtambo ni tangazo, basi. Uwazi ninaoudai ni fundi wa tanuru kuonyeshwa miaka miwili kabla: nafasi fulani, mafunzo ya aina fulani, fedha kutoka fungu fulani, na ofisa wa kumdai akikosa.

Mwenye mfano wa mkataba uliochapishwa ukamkimbiza mwekezaji makini, aulete hapa tuukague kifungu kwa kifungu.