Tupeane uzoefu: mtoto mlimfundishaje kutumia intaneti kwa akili?

Mwalimu wa Wete: Assalamu alaykum wadau. Chumba cha kompyuta tunacho skuli, lakini nusu ya mashine haziwaki. Juzi nikaziacha, nikaandika ubaoni ujumbe ambao hapa kila mtu ashaupata: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Nikauliza, mtego uko neno gani? Wakataja namba, wakataja pesa. Mmoja wa nyuma kabisa, mkono wenyewe hanyanyui, akasema: "Mwalimu, ni hiyo 'ile'."

Wallahi nilinyamaza. Tapeli hakujui wala hakudai, katupa nyavu kwa maelfu. Humo hakosi mtu aliyekuwa anakwenda kulipa kodi ya nyumba au deni la duka, na huyo akisoma "ile" anajua ni mdai wake. Kipindi kizima kikaishia neno moja. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mama Mkoani: Mimi si mwalimu, lakini kisa ninacho. Mwanangu wa kidato cha pili alipigiwa na mtu, eti anamuunga kundi la masomo, amtajie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu. Akazitaja, kumbe ndizo za kufungulia WhatsApp yake. Hata chai haijapoa, WhatsApp si yake tena, na jamaa wote wanaombwa "ada ya shule". Aliyeshtuka ni shangazi yake: "Mtoto huyu tangu azaliwe hajasema shule, anasema skuli. Na ada ipi, skuli ya serikali?" Akampigia. Wawili walikuwa washatuma. Akaunti ilipopatikana tukaweka uthibitisho wa hatua mbili, namba ya siri tunaijua mimi na yeye.

Ami Chake: Shangazi apewe cheo 😂 Ujumbe wa matapeli upelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania, kisha tumeni na namba yao. Na pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mimi nilikuta moja siijui.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Matapeli afadhali. Kwangu kazi ni picha za harusi. Wasichana wanapigana picha ukumbini, wanawake peke yao, vichwa wazi, asubuhi iko kwenye simu ya mvulana wa darasani. Niliwasomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba inafika mpaka huku Visiwani. Wakanikodolea macho tu. Kilichowaingia ni hiki: kila mmoja aandike majina ya watu waliomo kwenye picha yake ya mwisho, akawaombe ruhusa mmoja mmoja. Wengi walirudi washafuta. Mmoja alikataliwa na bibi yake mzaa mama, tena kwa bakora.

Mwalimu wa Wete: Hilo naliiba Jumatatu, Bi Mkubwa. Ila wangu wengi simu hawana, wanashika ya mama, na picha zilizomo ni za mama. Hapo nifanyeje?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Waite mama.