Majirani Chuno 🌴: aloevera za Mama Somoe

*Jumamosi usiku*

Mama Somoe: Jamani hamjambo humu. Aloevera zangu zimeingia ugonjwa, makopo yote matatu yana madoa, nimetoka kufunga mlango ndo nikaona [picha]

Bi Asha: Yarabi toba. Zile za kibarazani?

Mama Somoe: Ndo hizohizo bibi. Miaka sita hazijawahi kuumwa

Mama Chande: Mi nilikua nakuja jmatatu kuchukua jani nimwachishe huyu mtoto ziwa 😭

Baba Mariamu: Fangasi hiyo. Nina salfa ilobaki msimu wa mikorosho, namtuma Mariamu saa hii akuletee kikombe, unanyunyizia kesho mchana inakwisha

Bi Asha: Majivu. Sie zamani majivu tu

Mwl Hawa: Na mi yangu ina doa moja naiangalia tu

Issa Maua: Shkamooni wakubwa. Mama Somoe naomba usiweke kitu chochote kwanza, si salfa si majivu. Hiyo picha umepiga usiku tena kwa mbali, hapo mtu ataona ugonjwa wowote anaoutaka mwenyewe. Kesho asubuhi piga jani moja moja kwa karibu, juu na chini yake, halafu unambie madoa yako upande gani, ukipitisha kidole yameinuka au yamebonyea, na unuse

Baba Mariamu: Anuse tena 😂

Issa Maua: Anuse mzee. Pua inasaidia sana kwenye haya mambo

*Jumapili asubuhi*

Mama Somoe: Haya. Kopo la kwanza lile ndoo ya rangi, madoa makubwa kahawia mpauko makavu kama kitambaa kilichounguzwa na pasi, yote upande wa barabarani, upande wa ukutani jani kijani safi. La pili vidoa vya duara kama punje za mtama, rangi ya chungwa, vingine vishakua vyeusi, vigumu, nikipitisha kidole kama chunusi, viko juu na chini. La tatu ndo sijui nisemeje, jani la chini limekua kama limechemshwa, nimelishika tu limebaki mkononi, linanuka kama mhogo uliolowekwa [picha] [picha] [picha]

Issa Maua: Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wote. Sasa hapo una magonjwa mawili, na kimoja wala sio ugonjwa. La kwanza limeungua jua. Ulilihamisha?

Mama Somoe: Hata inchi moja, Mungu shahidi. Lipo palepale siku zote

Issa Maua: Na mwembe?

Mama Somoe: Mwembe gani

Mama Somoe: 😳😳

Mama Somoe: Juzi wiki ilopita tulikatisha yale matawi yaliyokua yanagusa nyaya

Mwl Hawa: Kumbe kivuli ndo kimehama

Issa Maua: Ndo hivyo. Watu wanajua aloevera ni mmea wa jua basi haiungui, inaungua, ikizoea kivuli ukiitoa ghafla inaungua kama mtu tu. Inatakiwa izoeshwe, wiki mbili hivi jua la asubuhi tu. Ikiwa nyekundunyekundu bila kukauka hapo haina shida inajikinga tu. Sasa hayo madoa hayatarudi kua kijani hata ufanyeje, ila pia hayataongezeka, kwahiyo usikate majani, hiyo sehemu ilobaki kijani bado inaulisha mmea. Sogeza kopo ukutani basi

Baba Mariamu: Na la pili je, hilo si fangasi? Si nilisema

Issa Maua: Hilo fangasi kweli mzee, inaitwa kutu. Inakaa ndani ya jani, mmea unajizungushia kama ukuta ili isisambae, ndo maana doa linakua gumu jeusi. Mama Somoe unamwagiaje?

Mama Somoe: Na kopo tu juu juu jioni nikirudi. Zinapenda

Issa Maua: Hazipendi mama 😂 maji yanalala kwenye majani usiku kucha na hizi mvua za masika unyevu hauishi, kutu inataka hichohicho. Mwagia asubuhi, chini kwenye udongo, na ukitia kidole udongo bado una unyevu usimwagie kabisa. Majani yaliyojaa vidoa yakate yote chini kabisa kwenye shina, wembe ufute na spiriti kila ukitoka jani moja kwenda jingine, mabaki choma usitupe shimo la mbolea. Yaliyobaki piga dawa ya kopa, ile ya bluu ya nyanya, kipimo fuata cha kwenye pakiti, jua likishazama. Vidoa vya zamani vitabaki. Wewe angalia majani mapya ya katikati, yakitoka safi umeshinda

Baba Mariamu: Salfa inafanya kazi ileile. Mikorosho ikishikwa na ubwiriunga, ile fangasi nyeupe kama unga, tunaponea hapohapo

Issa Maua: Inazuia mzee, ila haiponyi jani lililokwisha shikwa. Na umesema anyunyizie mchana, kwa joto hili la Mtwara salfa yenyewe inaunguza majani. Si ndo maana na nyie mikorosho mnapulizia alfajiri?

Baba Mariamu: Tunapulizia alfajiri kwasababu upepo haujaamka na kuna umande, unga unashika kwenye maua. Joto sio sababu

Issa Maua: 🙏 hapo umenifundisha mzee. Lakini mchana hapana

Mama Somoe: Na la tatu mmenisahau

Issa Maua: La tatu limeoza. Ng'oa lote uangalie kati, kama moyo ni mgumu kata mpaka ufike penye nyama safi, anika kivulini kama wiki ndo upande. Kama kati laini tupa mpaka udongo, chukua watoto wa pembeni tu. Hilo kopo lina matundu chini?

Mama Somoe: Lile ni bakuli la kigae, Somoe alisema linapendeza kibarazani

Somoe: Mama 😩

Issa Maua: Basi tumempata muuaji

Mwl Hawa: Mi mchanga nimechota pwani, unafaa?

Issa Maua: Una chumvi mwalimu. Tafuta mchanga mkubwa wa mtoni na kokoto ndogo. Na hilo doa lako moja, chukua kalamu ya wino lizungushie duara palepale ukingoni mwake, usifanye kingine mpaka alhamisi

Bi Asha: Kulichora jani 😂 haya mambo ya sasa

*Alhamisi*

Mwl Hawa: Doa limevuka wino [picha] pembeni limelegea na kuna umaji

Issa Maua: Lingebaki ndani ya duara ningesema liache. Kata jani hilo leoleo, na usimwagie maji siku tano

Mama Somoe: Mi nimeng'oa lile la bakuli, kati uji mtupu. Watoto wawili wazima nimeanika juu ya gazeti. La pili nimepiga dawa jana magharibi

Mama Chande: Sasa mi na ziwa langu? Mtoto ana miaka miwili ananimaliza

Issa Maua: Dada kopo la pili usiguse, lina dawa. Chukua la kwanza, jani la upande wa ukutani, halijapigwa kitu

Bi Asha: Na upake ule utomvu wa njano, sio ute wa ndani. Ute hauna uchungu wa kutosha, mtoto atanyonya tu anakuangalia

Mama Chande: Asante bibi ❤️ nakuja baada ya laasiri

Baba Mariamu: Mama Somoe

Mama Somoe: Abee

Baba Mariamu: Mama Mariamu anaulizia kikombe chake